Tovuti Inapogoma, Msikimbilie Kuzima Ulinzi Wote

Ninyi mnaoanza kazi ya kuhudumia kompyuta za ofisi mtaletewa lalamiko hili mapema: tovuti inafunguka kwa mwenzangu, kwangu inakataa. Mara nyingi mtandao hauna kosa. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kimezuia jambo ambalo tovuti imezoea kulifanya.

Chanzo kikubwa ni vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari ili imtambue mtumiaji, hasa vile vya tovuti za nje zilizopachikwa ndani ya ukurasa. Kivinjari cha Safari kilianza kuvizuia vyote mwaka 2020, Firefox tangu 2022 huvitenga ili kila kimoja kisomwe ndani ya tovuti ile tu kilipowekwa, nayo Google, iliyokuwa imeahidi kwa miaka kadhaa kuviondoa katika Chrome, ilibadili msimamo Julai 2024. Ndiyo maana fomu iliyopachikwa huweza kufanya kazi kwenye Chrome na kukwama kwenye Safari: mtumiaji anaandika nenosiri sahihi, ukurasa unajipakia upya, naye anajikuta palepale pa kuingilia.

Chanzo kingine ni kigumu kukibaini. Nilipokuwa mgeni kazini, mfanyakazi mmoja alinionyesha miadi ya saa nne asubuhi ambayo kwenye skrini yake ilisomeka saa moja. Nilikagua saa ya kompyuta, nikaiwasha upya, nikapoteza asubuhi nzima. Kumbe katika Firefox yake iliwashwa kinga dhidi ya utambuzi wa kifaa, ambayo huziambia tovuti kwamba kompyuta inafuata saa za UTC, yaani saa za marejeo za dunia nzima, nasi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Kinga hiyo ina sababu nzito, kwa kuwa saa za eneo, fonti na ukubwa wa skrini vikiunganishwa huweza kumtambulisha mtu hata asipokuwa na kidakuzi chochote.

Kwa hiyo nawasihi msizime ulinzi wote ili lalamiko moja liishe, maana aghalabu hakuna anayekumbuka kuurudisha. Ikiwa tatizo ni vidakuzi, katika Firefox bofyeni alama ya ngao kando ya anwani na mlegeze ulinzi kwa tovuti hiyo peke yake; ikiwa ni saa, tengeni kivinjari cha pili kwa kazi hiyo tu. Kisha mwandikieni mwenye tovuti, mkitaja kivinjari na toleo lake, kwa sababu Safari na Firefox huiruhusu sehemu iliyopachikwa kuomba idhini ya kutumia vidakuzi vyake pale mtumiaji anapobofya, na mabadiliko hayo anaweza kuyafanya yeye tu.