Kampala ya Kabaka kwa Siku Moja

SWALI: Mhariri, likizo ijayo ninakusudia kuwapeleka watoto Kampala kupitia Busia, wajionee makao ya kale ya wafalme wa Buganda. Tutakuwa na siku moja tu, tuanzie wapi? – Mzazi, Kondele, Kisumu.

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni Kasubi. Kasri ambalo Kabaka Mutesa wa Kwanza alilijenga mwaka 1882 liligeuka kaburi lake miaka miwili baadaye, na wafalme wengine watatu wakazikwa humo humo. Liliteketea Machi 2010, likajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mkiingia, inueni macho: chini ya paa la nyasi zipo pete 52, kila moja ikiwakilisha ukoo wa Waganda, na mbele yenu pazia la nguo ya gome la mti, ambalo mgeni halivuki. Viatu huvuliwa mlangoni, na mwanamke huvaa sketi ndefu au hujifunga leso.

Kisha nendeni Mengo. Barabara inayonyooka kutoka Bulange, lilipo bunge la Buganda, hadi kasri la Lubiri ina mzunguko ambao kila dereva huuzunguka, ila Kabaka peke yake hupita katikati. Nadhani watoto watalikumbuka hilo kuliko tarehe zote. Lubiri yenyewe ilishambuliwa na jeshi la serikali mwaka 1966, Kabaka wa wakati huo, Mutesa wa Pili, akakimbilia Uingereza.

Mpakani kitambulisho chako cha taifa kinatosha. Hati za watoto uziulizie mapema katika ofisi ya uhamiaji.