Je, "Dahari" ni jina la Mwenyezi Mungu?

SWALI: Mwaka huu nimezika watoto wawili. Siku ya maziko ya wa pili nilisema, "Dahari hii imenionea." Mtu mmoja anayesomesha darsa akaniambia Dahari ni jina la Allah, hivyo nimemtukana Mola, nimetoka katika Uislamu na ndoa yangu imevunjika. Tangu hapo silali.

JIBU: Dada yangu, wewe ni Muislamu na mumeo ni mumeo. Lala kwanza.

Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, "dahr". Ar-Raghib al-Isfahani, mwanachuoni wa maneno ya Qur'ani, anasema asili yake ni muda wote wa ulimwengu, tangu kuumbwa hadi kwisha, kisha likatumika kwa kila muda mrefu. Ndiyo maana nasi husema "daima dahari". Waarabu pia hulitumia kama kitenzi, kwamba jambo limem-dahari fulani, yaani msiba umemshukia. Basi walipofiwa, waliilaani dahari.

Huyo aliyekutisha ameshika Hadithi sahihi akaikata katikati. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira kuwa Allah amesema: "Mwanadamu ananiudhi, anaitukana dahari, na Mimi ndiye dahari, mambo yamo mkononi Mwangu, naugeuza usiku na mchana." Kwa nini hakuimalizia? Usiku na mchana ndiyo dahari yenyewe, nayo inageuzwa. Kinachogeuzwa hakiwi ndiye Mwenye kugeuza. Maana yake ni kwamba ukiilaumu dahari kwa yaliyokupata, lawama inamwendea Allah, kwani Yeye ndiye Mtendaji.

Kweli mwanachuoni Ibn Hazm alilihesabu neno hili katika majina ya Allah, na Ibn Kathir, mfasiri wa Qur'ani, akasema wazi kuwa amekosea. Tazama Surat Al-Jathiya, aya ya 24: makafiri walisema hakuna kinachowaangamiza ila dahari. Lingekuwa jina la Allah, wangekuwa wamesema kweli, na Qur'ani isingewakadhibisha! Na Surat Al-Insan inataja "kipande cha dahari". Allah ana vipande?

Kusema "siku hizi ni ngumu" hakuna ubaya, Nabii Lut alisema, "Hii ni siku ngumu." Kuamini kuwa wakati wenyewe ndio unaoua, hiyo ni imani ya wale makafiri, nawe huna. Lako ni neno lililokatazwa, limekuponyoka kwa uchungu: omba maghufira, basi. Mtume (s.a.w.) alipokataza kuilaani dahari alisema "asiseme mmoja wenu", akiwahesabu wasemao kuwa bado ni Waislamu wenzake. Hakumwamuru yeyote kurudia shahada wala kufunga ndoa upya. Huyo mwenzetu kaipata wapi hukumu hiyo? Kumtoa Muislamu katika dini yake si mchezo, sembuse mama aliyetoka makaburini.

Mtume alimpita mwanamke akilia kaburini, akamwambia: "Mche Allah na usubiri." Yule mama, bila kumjua, akamjibu: "Niondokee, wewe hukupatwa na msiba wangu." Alipoambiwa ni nani, akaenda kumtaka radhi. Mtume hakumkaripia, alimwambia tu kuwa subira ni pale pigo linapoanza. Lia, dada yangu. Na darsa hiyo usirudi.