Maswali na Majibu: Haidrojeli ya vidonda inageuka uji

SWALI: Hamjambo wataalamu. Natengeneza haidrojeli (jeli inayoshika maji mengi) ya kufunikia vidonda kwa polivinili alkoholi (PVA) ya asilimia 10, kwa kuigandisha na kuiyeyusha mara tatu. Ikitoka kwenye friza ni ngumu, ikikaa mezani inalegea, na nikiiloweka kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 37 inabaki uji. Niongeze glutaraldehaidi, kemikali ya kuunganisha molekuli?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Hatujambo. Glutaraldehaidi iache, ni sumu kwa seli, na kuyaosha mabaki yake yote ni kazi.

Soma kwanza lebo ya chupa ya PVA. Ikiwa kiwango cha hidrolisisi (sehemu ya vikundi vya asetati iliyoondolewa) ni asilimia 87–89, umempata mchawi. Aina hiyo, inayotumika sana kwenye gundi, bado ina vikundi vya asetati vinavyozuia minyororo ya molekuli kukaribiana na kujenga fuwele. Fuwele hizo ndogo ndizo mafundo yanayoishika jeli. Zisipokuwepo, ugumu unaouona ni wa barafu tu. Tafuta ya asilimia 98–99, yenye uzito wa molekuli wa 90,000 hivi au zaidi.

Hiyo nayo ina masharti yake. Nyunyiza gramu 10 kwenye mililita 90 za maji baridi yaliyotoneshwa huku ukikoroga, ndipo upandishe joto hadi nyuzi 90. Ukiumwaga unga kwenye maji ya moto, punje hujivika utando na kuwa madonge yasiyoisha hata ukikoroga kutwa. Funika chombo, kipime uzito kabla na baada, kisha urudishe maji yaliyopotea kwa mvuke. Subiri mapovu yapande yaishe: kwenye jeli ya unene wa milimita 3, povu moja ni tundu.

Gandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa saa 16, kisha iache iyeyuke polepole kwa saa 8. Wengi huharakisha hapa kwa maji ya moto, na ndipo wanapoharibu, maana fuwele nyingi hujengeka wakati wa kuyeyuka.

Kuhakiki, kausha kipande, kipime uzito, kiloweke kwa muda wa saa 24 kwa nyuzi 37, ukikaushe na kukipima tena. Uzito uliopungua ni PVA ambayo haikushikwa.

Autoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo) usiiguse: nyuzi 121 huyeyusha fuwele zote. Tumia mionzi ya gama, kilogrei 25 (kilogrei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Huua vijidudu na papo hapo huongeza viungo kati ya minyororo.