Mlezi Mpya, Anza na Karatasi

Mlezi mwenzangu, kama umeanza juzi kumtunza mwenye ulemavu hapa Kenya, habari za pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wasiojiweza pesa, zitakufikia kabla ya habari za kadi ya ulemavu. Mimi pia zilinifikia hivyo. Nikamaliza karibu mwaka mzima nikienda kwa chifu na kurudi, na mdogo wangu hana hata karatasi moja inayoeleza hali yake. Ana mtindio wa ubongo, hatembei wala hajilishi. Kila jirani anajua, lakini ushahidi wa jirani hautoshi kujaza fomu.

Kwa hiyo nenda kwanza hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kufanya tathmini ya ulemavu. Uliza mapema madaktari wa tathmini hukaa siku gani. Sisi tulikodi tuktuk mara mbili bure kwa kutouliza. Beba kitambulisho chake, au cheti cha kuzaliwa kama ni mtoto, na picha za pasipoti.

Mbele ya daktari, sema yote. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Tumelelewa kusitiri, kwa hiyo daktari akiuliza, mama hujibu, "Hajambo, anajitahidi." Daktari naye ataandika alichokisikia. Mweleze kwamba unamwosha, unamlisha, unaamka usiku kumgeuza asitoke vidonda, na kwamba huwezi kumwacha peke yake ukaenda sokoni. Huko si kumwaibisha. Msaada wa baadaye unategemea kiwango cha ulemavu kitakachoandikwa siku hiyo.

Fomu ikikamilika, maombi huenda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina ofisi kwenye kaunti, na kwenye Huduma Centre pia unaweza kuuliza. Kadi ikitoka, ombeni viti vya magurudumu, magongo, fimbo nyeupe, vifaa vya kusikia, hata msaada wa karo. Mwenye ualbino aulizie mafuta ya kujikinga na jua, hutolewa bure. Na kama unayemtunza ameajiriwa, mapato yake hadi shilingi 150,000 kwa mwezi husamehewa kodi. Msamaha huo hauji wenyewe: ni lazima aombe cheti kwa mamlaka ya kodi, KRA, tena cheti kina tarehe ya mwisho, akisahau kukihuisha makato yanarudi.

Sasa Inua Jamii. Mpango wa wenye ulemavu mkubwa ulianza mwaka 2011, na ni wa nyumba maskini zenye mtu anayehitaji kuhudumiwa muda wote. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi huchelewa, zikaja za miezi miwili au zaidi kwa pamoja. Usikope dukani ukizitegemea. Kwetu hazimalizi hata nepi, lakini ni haki yake na nitazifuata kila mara. Uandikishaji huja kwa awamu, kwa hiyo jenga mazoea na mzee wa kijiji na afisa wa maendeleo ya jamii, na baraza la chifu likiitwa usikose. Majina husomwa hapo, na asiyekuwepo ni rahisi kurukwa.

Kuna jambo moja ambalo laiti ningeambiwa mapema. Pesa hizi hupokelewa na mlezi aliyeandikishwa, na wakati wetu zilitolewa kwa kitambulisho chake na alama ya kidole chake. Kwetu mlezi alikuwa mama. Alipofariki, pesa za mdogo wangu ziliendelea kuwa zake, lakini kidole cha kuzitoa tulikuwa tumekizika. Nilizungushwa miezi saba, ofisi hii ikinituma ile: leta cheti cha kifo, leta barua ya chifu, mara faili haionekani. Miezi hiyo yote nilikuwa nikimwacha na jirani ili nikapange foleni.

Kama aliyeandikishwa kwenu ni mama au nyanya aliyezeeka, nenda naye kwa afisa wa maendeleo ya jamii wiki hii, angali ana nguvu ya kupanda matatu. Muulizeni utaratibu wa kubadilisha mlezi, na mbebe vitambulisho vyote viwili pamoja na kadi ya ulemavu. Kabla ya kutoka nyumbani, toa nakala za kila kitu. Pale nje ya ofisi kuna mashine, lakini stima ikipotea hutoki na kitu.