Barua kwa Mwanangu Anayetafuta Rafiki

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeandika mengi kuhusu kazi mpya na kuhama, kisha katikati ukachomeka sentensi moja na kuimalizia kwa kicheko: "Baba, hivi mwanaume wa miaka 36 anampataje rafiki mpya bila kuonekana kituko?" Kicheko nimekiona, na swali nimeliona pia. Ukaeleza kuwa huko mlikohamia watu wote ni waungwana, wanakusalimu vizuri, lakini hakuna hata mmoja unayeweza kumpigia simu usiku. Yupo bwana mmoja mnayekimbia pamoja kila Jumapili, mnaelewana, mnacheka, ila mazoezi yakiisha kila mtu anashika njia yake, na wewe unarudi nyumbani ukijilaumu kwamba hukusema neno.

Nianze na huko kujilaumu. Unadhani zamani ulikuwa na kipaji cha kupata marafiki na sasa kimekuishia. Hukuwa nacho. Rafiki zako wa shule hukuwatafuta. Mlikalishwa dawati moja, mkaadhibiwa pamoja, mkarudi nyumbani kwa njia moja kila siku kwa miaka. Mwaka 1950 wataalamu watatu, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back, walitoa utafiti kuhusu nyumba za wanafunzi wenye ndoa katika chuo cha MIT kule Marekani. Wakazi walikuwa wamepangiwa nyumba bila kuchagua majirani, lakini urafiki ulifuata milango. Mtu alikuwa rahisi zaidi kuwa rafiki wa jirani wa mlango wa pili kuliko wa mlango wa nne, na waliokaa chini karibu na ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu kuliko wenzao wa chini waliokaa mbali nazo. Ngazi tu! Kwa hiyo usijione umepungukiwa. Kilichopungua ni ngazi. Mtu mzima hakuna anayempangia wa kukutana naye, na pale pale ndipo aibu inapoingia, kwa sababu sasa lazima uonekane umechagua.

Na mwanaume akionekana amemchagua mwanaume mwenzake, wote wawili wanashtuka. Mpigie mwenzako simu bila sababu, uone swali la kwanza: "Kuna nini?" Anangoja kusikia nani mgonjwa au unataka kukopa kiasi gani. Ukimwambia hakuna kitu, umemkumbuka tu, kimya kinachofuata unaweza kukipima kwa rula. Tumejizoesha kutafutana kwa shida au kwa shughuli, na asiyekuwa na mojawapo anahofia ataitwa mtu wa kujipendekeza.

Mimi sioni haja ya kupigana na tabia hiyo. Itumie. Kama mwanaume anahitaji sababu, mpe sababu. Wengine watakushauri uwe muwazi, umkalishe mtu chini, umtazame usoni umwambie unatamani muwe marafiki. Labda wapo wanaoweza. Wewe nakufahamu, ungetokwa jasho hadi viatuni, na yeye angetafuta mlango. Kule Australia, tangu miaka ya 1990, kuna karakana za jamii ambako wanaume, wengi wao wastaafu, wanakutana kuranda mbao na kutengeneza vitu vilivyoharibika. Waliozianzisha waliona kwamba wanaume wengi hawazungumzi wakitazamana, wanazungumza bega kwa bega huku mikono ina kazi. Nimeona hivyo maisha yangu yote. Mambo mazito niliyowahi kuambiwa na wanaume wenzangu niliambiwa tukiwa tumeinama kwenye injini au tukiwa safarini, macho yote barabarani.

Sasa huyo bwana wa Jumapili. Kukimbia pamoja ni mwanzo mzuri, lakini ninyi bado mko ndani ya uzio wa mazoezi. Mmoja akiumia goti, mmepotezana. Mtoe nje ya uzio huo mara moja tu, kwa jambo dogo lenye siku na saa. "Tutafutane siku moja" usiseme kamwe. Wanaume wawili wakiagana kwa maneno hayo wanakuwa wamekubaliana kutotafutana. Sema: "Jumamosi asubuhi naenda kutazama pikipiki ya mkononi, na macho mawili hayatoshi. Una nafasi?" Hapo hujamwomba urafiki, umemwomba macho. Akikataa, amekataa pikipiki. Akija, mmeshinda nusu ya siku pamoja, na njiani mtaongea yale yasiyoongeleka mkiwa mnahema.

Usitarajie mengi siku hiyo. Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, alichunguza muda ambao watu hutumia pamoja kabla ya kuitana marafiki. Makadirio yake yalikuwa kama saa 50 kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, kama saa 90 kuwa marafiki hasa, na zaidi ya saa 200 kufikia urafiki wa karibu. Sasa piga hesabu yako: kwa saa moja ya Jumapili, saa 200 zinakuchukua karibu miaka minne! Tena saa za kukaa ofisi moja hazikuonekana kusaidia sana, ndiyo maana umewahi kufanya kazi na watu miaka mitano na siku ya kuondoka ukapewa kadi tu. Mimi si mtu wa kuamini kila namba, na urafiki hauendi kwa saa ya ukutani, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwamba unachokiita kukataliwa huenda ni uchache wa muda.

Hapo ndipo ninapogombana kidogo na wahenga. Tumekuzwa na methali ya akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni kweli, ila wanaume tumeisikia vibaya, kana kwamba urafiki huzaliwa siku ya shida, basi tunakaa tukisubiri shida ituletee mtu. Anayekuja kwako usiku wa msiba anakuja kwa sababu mlishapoteza muda mwingi pamoja bure, mkibishana mpira, mkihangaika siku nzima na kitu ambacho fundi angekimaliza kwa nusu saa. Huo muda wa bure ndio unaoukosa wewe, kwa sababu ratiba yako yote ina faida. Kazi ina faida, watoto wana haki yao, hata mazoezi unayapima kwa saa ya mkononi. Jifunze kuwa na saa chache kwa wiki zisizo na matokeo yoyote.

Jambo jingine ulilolidokeza ni kwamba ukishaachana naye unarudia kichwani kila ulichosema, na kujiona umeongea sana. Acha. Erica Boothby na wenzake walitoa utafiti mwaka 2018 wakionyesha kwamba watu waliotoka kuzungumza na mgeni walidhani hawakupendwa sana, wakati yule mwenzao aliwapenda zaidi ya walivyofikiri. Na yeye alikuwa na hofu ile ile! Huyo bwana wako huenda saa hizi anamuuliza mkewe kama kile kichekesho alichokutupia kilikuudhi.

Wala usidhani ni wewe peke yako. Kule Marekani, mwaka 1990 wanaume waliosema hawana rafiki wa karibu hata mmoja walikuwa asilimia 3, na uchunguzi wa mwaka 2021 ukawakuta asilimia 15. Katika kila kundi la wanaume unaowaona wamejaa marafiki, yumo anayekwenda nyumbani na swali lako.

Mama yako amepita hapa, amesoma juu ya bega langu, anasema nikukumbushe usimfanye mkeo kuwa rafiki wako wa pekee. Namuunga mkono. Yule binti amehama pia, ana upweke wake, na si haki awe mke, daktari wa moyo wako na mtu wa kukusikiliza ukilalamika kuhusu mkuu wa kazi kila jioni. Waume wa rafiki zake uwakaribishe, ndiyo, ila usimwachie yeye kazi ya kukutafutia watu.

Uliuliza pia utajuaje kama unang'ang'ania mtu asiyekutaka. Wanaume wengi ni wavivu wa kutafuta, si kwamba hawapendi kutafutwa, kwa hiyo mwanzoni usihesabu nani kaanza. Anza wewe, na uendelee kuanza. Tazama mambo mengine: akishindwa kuja anapendekeza siku nyingine? Mkiwa pamoja anakuuliza habari zako, au anangoja zamu yake ya kuongea? Anakumbuka ulichomwambia mwezi uliopita? Akiwa hivyo, hata kama hajawahi kupiga simu, endelea naye. Ila kama kila mara ana udhuru na hana siku mbadala, punguza kidogo kidogo bila kununa, uendelee kukimbia naye Jumapili kama zamani. Rafiki wa mazoezi tu naye ana nafasi yake, usimtupe kwa sababu hakuwa zaidi.

Kuhusu pikipiki, kama utainunua kweli, angalia sana injini inavyowaka ikiwa ya baridi. Mkifika mkakuta muuzaji ameshaipasha moto, ondokeni wote wawili.

Wasalimie mkeo na watoto.

Ni mimi,
Baba yako