Mgombea binafsi: hukumu ipo, fomu haipo

SWALI: Shikamoo wakili. Nataka kugombea ubunge bila chama. Jamaa anayeandaa nyaraka mjini anasema Mahakama ya Afrika hapa Arusha ilisharuhusu mgombea binafsi, hivyo nimpe laki nne aniandikie shauri. Nimpe? – Msomaji, Ngaramtoni

JIBU: Marahaba. Usimpe hata mia. Huyo ni kishoka.

Maneno yake yanauzika kwa sababu yana chembe ya ukweli. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda kesi ya kudai mgombea binafsi Mahakama Kuu 1994, Bunge likabadili Katiba kuzuia hilo. Akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010 ikisema hilo ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, ile ya Haki za Binadamu na Watu, ikampa haki. Sasa fungua Katiba: ibara ya 67 bado inataka mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama, na msimamizi wa uchaguzi anafuata hiyo. Mahakama ile huiamuru serikali irekebishe sheria. Yenyewe haifuti ibara wala haitoi fomu.

Kuna na hili: Tanzania iliondoa 2019 tamko lake la kuruhusu raia kwenda pale wenyewe, na tangu Novemba 2020 raia hawezi kufungua shauri jipya pale moja kwa moja. Watu wa Arusha, kwa kuwa jengo liko kwao, wanaichukulia kama Mahakama ya Mwanzo ya kata!

Kinachonikera zaidi ni muda. Kupinga matokeo ya ubunge una siku 30 tu. Watu huniletea makaratasi ya kishoka siku zikiwa zimeisha, wakidhani kuna wa kumwomba msamaha. Tena si kila mwenye kadi ya mpiga kura anaweza kulalamikia lolote. Aprili 2012 Mahakama Kuu Arusha ilimvua Godbless Lema ubunge kwa maneno ya jukwaani. Desemba Mahakama ya Rufani ikamrudishia, kwa sababu waliofungua kesi walikuwa wapiga kura ambao haki zao wenyewe hazikuguswa. Maneno yale yalimlenga mgombea mwingine. Urais ndiyo usiseme: ibara ya 41(7) imefunga mlango wa mahakama, ingawa Mahakama ya Afrika iliikosoa 2020.

Anayetaka kukuandikia shauri lolote la uchaguzi, mwombe namba ya uwakili na leseni ya mwaka huu. Akianza hadithi za bosi wake aliyesafiri, chukua karatasi zako uondoke.