Kokanee kwa kayaki: angalia mwendo kwanza

Ukivua kokanee, yaani samoni wadogo wa ziwani, kwa kayaki na huwapati, kosa la kwanza ni mwendo, ndugu. Wengi wanaorambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya chombo, hupiga kasia kama wanawahi mahali. Kokanee hula vijidudu vidogo vinavyoelea majini, hana desturi ya kufukuza samaki wengine, hivyo chambo kiende taratibu, takribani kilomita 1.6 hadi 2.4 kwa saa. Pima kwa jipiesi (kifaa cha GPS), usikisie, maana upepo wa nyuma unakuongezea kasi bila wewe kujua. Usiende mstari mmoja tu pia: pinda kushoto na kulia. Ukikata kona, chambo cha upande wa ndani hupunguza mwendo na cha nje huongeza, na kile kitakachoshikwa kitakuonyesha samaki wanataka kasi gani siku hiyo.

Kosa la pili ni kina. Kokanee hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 13 hivi za selsiasi, kwa hiyo kiangazi, jua likipanda, hushuka chini sana. Kipitishe chambo juu kidogo ya kundi la samaki, kamwe si chini yake.

Wakishika halafu wanachomoka, tatizo ni nguvu. Mdomo wao ni laini mno. Tumia fimbo inayopinda kwa urahisi, legeza breki ya gurudumu la mshipi, na usivute kwa kishindo.

Ila katika maziwa ya milimani huko Marekani na Kanada, kama Pend Oreille, maji ni baridi hata juani. Jaketi la kuokolea livae, usilifunge nyuma ya kiti.